Sauti Guni: Mizani ya Maneno Yatiwayo Midomoni

Katika mtaa wa Makorora, Tanga, kama ilivyo katika miji mingi ya Pwani, vijana wapendao katuni za Kijapani ziitwazo anime wana ubishi usiokwisha. Kundi moja hushikilia kuwa sinema hizo zisikilizwe kwa Kijapani, na maana isomwe katika maandishi yapitayo chini ya picha. Kundi la pili hupenda sauti za Kiingereza zilizotiwa Marekani, kwa hoja kwamba jicho haliwezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja. Kila kundi lina ushahidi wake, ila hakuna lenye mizani. Sauti husemwa kuwa nzuri au mbaya bila ya kuelezwa uzuri au ubaya huo umekaa wapi, ilhali watu wa Pwani wanacho kipimo cha kale cha kazi ya namna hii, nacho ni kile kile wanachopimia mashairi.

Hoja ya kundi la kwanza, kwamba Kijapani ndicho asili na Kiingereza ni mvamizi, haina nguvu kama inavyodhaniwa. Katika sinema ya watu, mwigizaji hutamka kwa koo lake mbele ya kamera, na anayemvika sauti nyingine humnyang'anya kitu. Katika katuni hakuna koo. Huko Japani kwenyewe desturi iliyozoeleka ni kuchora kwanza, kisha waigizaji husimama mbele ya picha na kutia maneno. Mdomo uliochorwa hufunguka na kufumba kwa maumbo machache tu, nao hauna lugha. Mjapani na Mmarekani wote wawili ni wageni katika mdomo ule. Aliyetangulia kufika ana heshima ya kutangulia, wala hana milki ya nyumba.

Kwa hiyo Kiingereza kihukumiwe kwa ufundi wake. Upo ufundi. Cowboy Bebop, tamthilia ya mwaka 1998, husifiwa mno kwa sauti zake za Kiingereza, na Steve Blum, aliyempa sauti mhusika mkuu Spike, alifahamu kuwa mtu aliyechoka na maisha hahitaji kupaza sauti ili asikike. Princess Mononoke, sinema ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1997, ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1999, maneno yake yaliandikwa upya na Neil Gaiman, mtunzi wa hadithi mwenye jina lake. Katika kazi zote mbili mtu husikia usemi wa binadamu, wenye pumzi na kituo.

Kazi dhaifu ni nyingi zaidi, na udhaifu wake ni wa aina moja. Picha imeruhusu mifunguo kumi ya mdomo. Maana ya Kiingereza imekwisha kwa sita. Basi minne iliyobaki hujazwa viguno, vicheko na maneno yasiyo kazi. Au kinyume chake: maana ni ndefu, mdomo umekwisha fumba, na mwigizaji hukimbiza maneno kama abiria aliyeachwa na basi. Msomaji wa mashairi haitaji kuambiwa jina la ugonjwa huu. Mtunzi aliyepungukiwa na mizani akachomeka neno ili mshororo utimie, au aliyezidiwa akalikata neno pasipokatika, shairi lake huitwa guni. Sauti hizo nazo ni guni. Kutia sauti ni kazi ya arudhi: ukomo umekwisha wekwa na mwingine, na maana haina budi kutimia ndani ya ukomo huo bila ya kuonyesha kuwa imebanwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, tena si kwa kubahatisha. Silabi za Kiingereza hufungwa kwa konsonanti, mara nyingine mbili au tatu kwa pamoja, na mdomo humalizia umefumba. Silabi za Kijapani takribani zote huishia kwenye irabu, na ndivyo zilivyo za Kiswahili. Mtoto wa Makorora hutamka Totoro au Sakura bila ya kuvunja ulimi. Ushairi wa Kijapani wa haiku huhesabiwa tano, saba, tano, kama vile wa Pwani unavyohesabiwa nane kwa nane. Mdomo uliochorwa ili uishie wazi ungeingiwa na Kiswahili kwa urahisi kuliko unavyoingiwa na Kiingereza.

Hata hivyo mlango kuwa wazi si kuingia. Historia ya sauti ya Kiswahili juu ya picha ni ndefu, na sehemu yake ya mwanzo imo katika mkoa huu huu wa Tanga. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham waliendesha mradi wa sinema za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Maelezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, yalitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Udhaifu wa mtambo wa namna hiyo unajulikana: picha na sauti vimo katika vyombo viwili, na kimoja kikiteleza, neno na tendo huachana. Lakini pengo kubwa zaidi lilikuwa katika kauli yenyewe. Sauti ile ilikuja kuamuru, wala haikuja kuzungumza.

Miongo mingi baadaye, mabanda ya video yalileta njia nyingine kabisa. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa watafsiri waliopata sifa kwa kusimulia sinema za kigeni, Titanic ikiwa mojawapo. Njia hiyo, inayojulikana pia Uganda na Kenya, haijali midomo hata kidogo. Mtu mmoja husema kwa niaba ya wote, mwanamume na mwanamke, steringi na adui. Hueleza, hukejeli, huonya, huongeza yasiyokuwamo. Wanaomhukumu msimulizi huyo kwa kukosa uaminifu wanatumia mizani isiyo yake. Yeye ni ndugu wa mtambaji wa hadithi, ambaye wasikilizaji wake hawamdai amri ya kutokuongeza. Kasoro yake iko kwingine: kwa kuwa sauti ni moja, kimya cha wahusika hupotea. Mpenzi anapomtazama mpenziwe bila ya neno, msimulizi hawezi kustahimili, naye hulijaza pengo. Shairi lisilo na kituo huchosha hata likiwa na vina vizuri.

Kisha zikaja studio. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya mke kijana Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha mashindano ya kutafuta sauti nchini Tanzania, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. Azam TV nayo imewazoeza watazamaji sultani wa Kituruki anayesema Kiswahili. Kwa mara ya kwanza bibi wa Makorora asiyejua lugha nyingine aliweza kuketi na wajukuu mbele ya hadithi ya mbali bila ya kuomba mkalimani. Hilo ni jambo kubwa, na uhakiki wowote usiolikiri si wa haki.

Lakini usikivu wa sikio la Pwani hauridhiki. Kwanza ni mizani. Mara nyingi mfasiri huandika "ninakuambia", silabi sita, palipotosha "nakwambia", silabi nne. "Mtoto wako" palipotosha "mwanao". "Hapana" ambapo mdomo umefunguka mara moja tu na "la" ingekaa kama pete chandani. Mifupisho hii si ya vitabuni. Ndiyo mazungumzo ya kila siku ya Pwani, na malenga wameitumia karne nyingi kutimiza mishororo. Pili ni lafudhi. Mfalme, mchungaji na mwizi husema wote kwa sauti ya msoma habari, kana kwamba walilelewa nyumba moja.

Tatu, na kubwa zaidi, ni adabu. Kijapani kina daraja za heshima katika vitenzi na katika majina. Kituruki humtenga mtu wa kuheshimiwa kwa kiwakilishi chake. Hadithi ikipitia Kiingereza, daraja zote hizo husawazishwa kuwa neno moja la kumwita mtu yeyote. Kiswahili kikipokea kutoka hapo bila ya kufikiri, kijana humwambia baba mkwe "wewe" kavu, na binti huingia kwa nyanyake bila ya shikamoo. Asili ilikuwa na heshima, Kiswahili kina heshima, na katikati imepotea kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Mfasiri mwenye kujua huurudisha: "bwana", "bibi", "ami", "mwanangu". Hapo haongezi kitu, analipa deni.

Kisingizio cha kupitia Kiingereza hakisimami. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alizileta rubai za Omar Khayyam katika Kiswahili kupitia Kiingereza cha FitzGerald, naye akarudi na ushairi wenye vina na mizani ya Kiswahili. Njia ilikuwa ya kuzunguka, lakini aliyesafiri alikuwa na kipimo mkononi.

Yawezekana wenye studio wakajibu kuwa tamthilia hutoka kila siku, na ushairi ni kazi ya subira. Jibu hilo lina ukweli nusu. Asiyejua mizani huihesabu kwa vidole. Aliyelelewa ndani yake huisikia. Pwani ya kaskazini na visiwani bado wapo wasomaji wa maulidi, waghani wa tenzi na watungaji wa nyimbo za taarabu ambao hutambua silabi iliyozidi kabla mshororo haujakwisha. Hao ndio wa kuketishwa karibu na mfasiri, tangu neno likiandikwa mpaka likitamkwa. Mashindano ya sauti hupima koo; hayana budi yapime na sikio.

Mtoto wa Makorora atazamaye tamthilia mbili kila jioni husikia Kiswahili kingi cha studio, huenda kingi kuliko cha wazee wake. Humo atajifunza jinsi ya kuomba radhi, kubembeleza, kukataa na kumwita mkubwa wake. Akijifunza kwa sauti guni, ndivyo atakavyosema, na hatajua kuwa lugha yake ilikuwa na njia fupi na ya adabu zaidi ya kuyasema hayo yote.