Suti ya Anga kwa Cherehani ya Kitale

Ukitaka kuupima ufundi wa fundi cherehani, usimpe kitambaa kipya na picha ya gauni. Mpe ovaroli nyeupe ya mtu mzima iliyotoka kwenye mitumba, msimamishie mtoto wa miaka minane, kisha umwambie kwamba Ijumaa ni siku ya taaluma shuleni na mtoto huyu amesema atakuwa mwanaanga. Wenzake watakuja wakiwa madaktari, askari, mawakili na marubani. Koti jeupe la daktari huazimwa, na kofia ya askari hukatwa kwenye katoni. Suti ya anga haina wa kukuazima, lazima itengenezwe.

Tangu mtaala wa umilisi uingie katika madarasa ya chini kote nchini Kenya mwaka 2019, kazi nyingi za mikono za shuleni zimehamia nyumbani. Wazazi wamelalamikia gharama, na lalamiko lao lina uzito. Lakini katika hekaheka hiyo nimepata kuona kazi ambayo naiheshimu sana: vazi la mwanaanga linaloshonwa Kitale, kofia yake ikiundwa Bungoma, kwa vitu ambavyo vingi vilikuwa vimekwisha kutupwa. Watu husifu kazi hii kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Mimi naisifu kwa umakini wake.

Kabla ya kwenda kwa fundi, tukumbuke jambo moja kuhusu suti zenyewe za anga. Zile alizovaa Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini mnamo Julai 1969 zilishonwa na kina mama mafundi katika mji wa Dover, jimbo la Delaware, Marekani. Mwajiri wao, International Latex Corporation, alijulikana kwa sidiria na nguo za ndani za wanawake zilizouzwa kwa jina la Playtex. Mwaka 1965 kampuni hiyo ilizishinda kampuni zenye uzoefu mkubwa zaidi katika vifaa vya ndege, kwa sababu suti yake ilimwachia mvaaji nafasi ya kujongea. Mafundi wale waliunganisha matabaka 21, na mshono haukuruhusiwa kupotoka hata milimita moja. Suti zilipigwa eksirei ili kuhakikisha hakuna pini iliyosahaulika ndani. Kila mwanaanga aliyepangiwa kusafiri alipimwa mwili wake na kushonewa suti tatu: ya mazoezi, ya safari na ya akiba. Kwa hiyo mama anayekanyaga cherehani barazani karibu na soko la Kitale anafanya kazi ya ukoo uleule.

Yeye pia huanza kwa kupima, na hapo ndipo ustadi unapoonekana mapema. Fundi mwenye haraka humpima mtoto akiwa amesimama wima, akaridhika. Huyu hafanyi hivyo.

"Chuchumaa, mwanangu," anamwambia. "Haya, inama ushike vidole vya miguu. Sasa inua mikono juu kabisa."

Kila mara futi inapita mgongoni, kutoka shingoni hadi chini ya makalio, na kila mara kipimo kinabadilika. Nguo iliyoshikana juu na chini haina kiuno cha kulegea. Ikimtosha mtoto akisimama, itambana akiinama, na mshono wa katikati ya miguu ndio utakaopasuka kwanza. Fundi huandika kipimo kirefu zaidi, kisha anaongeza kidogo kwa ajili ya sweta, kwa maana asubuhi za Kitale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, zina baridi.

Ovaroli haikatwi mara moja. Inafumuliwa kwanza, polepole, kwa ncha ya wembe, uzi baada ya uzi, ili kitambaa kisichanike na zipu itoke nzima. Zipu hiyo ni mali: ni ndefu, ni imara, na kununua mpya kungemega bajeti. Inafupishwa upande wa chini, kisha meno ya mwisho yanazungushiwa uzi kwa mkono ili kichwa chake kisichomoke. Vipande vinavyobaki vinawekwa kando. Vitakuwa mifuko ya mapajani, ukosi mnene wa shingoni na vifuniko vya kuvalia juu ya gambuti za shamba ambazo mtoto tayari anazo. Na kila mahali anaposhona, fundi huacha akiba pana ya kitambaa ndani ya mshono. Mwakani mtoto atakuwa amerefuka, au mdogo wake atakuwa anaisubiri zamu yake.

Kazi ninayoipenda kuliko zote iko kwenye viwiko na magoti. Suti ya anga ya kweli hujazwa hewa, na hewa hiyo huifanya iwe ngumu kukunja. Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, tarehe 18 Machi 1965, aliona suti yake ikivimba hadi akalazimika kupunguza hewa ndani yake ndipo aweze kurudi chomboni. Ndiyo maana suti za mwezini ziliwekewa viungo vya mpira vyenye mikunjo, na pembeni vikapitishiwa nyaya ili mikunjo ifunguke bila mkono mzima kurefuka. Fundi wa Kitale hana mpira wala nyaya hizo. Anakunja kitambaa kuzunguka mkono wote, mikunjo yenye upana wa kidole, anaipiga pasi ya makaa, halafu anaishona kwa uthabiti pande mbili tu za mkono. Katikati, penye kiwiko, anaiacha huru. Mtoto akikunja mkono, mikunjo inafunguka, akiunyoosha, inajifunga. Hakuna aliyemfundisha habari za nyaya za Dover. Alitazama picha kwenye simu, akautazama mkono wa mtoto, akaelewa mkunjo unatakiwa kufanya nini.

Rangi nayo ina sababu yake, na ni vizuri mtoto aijue. Suti ya kutembelea nje ya chombo ni nyeupe kwa kuwa nyeupe huakisi joto la jua. Ile ya rangi ya machungwa iliyovaliwa wakati wa kuruka na kutua ilichaguliwa ili waokoaji wamwone mtu kwa urahisi hata baharini. Mzazi akikosa ovaroli nyeupe sokoni, akapata ya machungwa, hajakosea. Amepata suti ya sehemu nyingine ya safari.

Kofia inatengenezwa Bungoma, kwa bibi yake mtoto, ambaye wajukuu wanamwita Kukhu. Ukitoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ukishuka kila hatua, hadi kwenye mji ulio karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mteremko huo una maana kwa kazi hii. Karatasi yenye gundi inataka jua na joto ili ikauke, na msimu wa mvua Kitale unaweza kuiacha na unyevu hadi ianze kunuka. Bungoma kuna joto zaidi, na Kukhu anajua saa ya kuanika na saa ya kuanua.

Anapima kichwa cha mtoto kwa uzi, anaongeza nafasi ya vidole vitatu, kisha baluni inapulizwa hadi ifikie kipimo hicho. Gundi ni uji mwepesi wa unga wa ngano, uliopikwa ukatiwa chumvi kidogo ili usiote ukungu. Magazeti ya zamani yanachanwa kwa mikono, hayakatwi kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanwa hulala vizuri na hauachi alama. Tabaka la kwanza ni la gazeti, la pili ni la karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa, la tatu gazeti tena. Hivyo jicho linaona mara moja mahali ambapo tabaka halijafunika. Vipande vya tabaka moja vinalala wima, vya linalofuata vinalala kwa upana. Kukhu anafanya kazi hii kama anavyokandika nyumba: haongezi udongo juu ya udongo ulio mbichi. Mjukuu anataka kuona kofia leo. Bibi anaigonga kwa kucha, anasikiliza, anairudisha juani.

Ikikauka inalia kavu kama kibuyu. Baluni inapasuliwa, dirisha la uso linachorwa kwa penseli mtoto akiwa ameivaa, kisha linakatwa. Kingo zote zinazungushiwa utepe wa kitambaa ili zisimkwaruze, msasa unapita juu, na rangi nyeupe ya maji inapakwa mara mbili. Hapa ndipo busara inapopaswa kuutawala urembo. Kioo cha kofia ya mwanaanga hupakwa dhahabu nyembamba mno inayozuia mwanga mkali wa jua, na watoto wengi wanakipenda kwa mng'aro huo. Lakini karatasi ya foili haionyeshi upande wa pili, na mtoto asiyeona njia ataanguka. Kwa hiyo foili inabandikwa pembezoni tu. Dirisha linaachwa wazi, au linawekewa kipande cha chupa kubwa ya soda kinachoinuliwa juu, na matundu ya hewa yanatobolewa kidevuni na nyuma ya masikio. Mfuko wa plastiki haukaribii kichwa cha mtoto hata kwa dakika moja.

Kinabaki kifurushi cha mgongoni. Katoni inavikwa gunia jeupe la sukari lililogeuzwa ndani nje, na Bungoma, nyumbani kwa kiwanda cha sukari cha Nzoia, magunia hayo si adimu. Chupa mbili tupu zinapakwa rangi ya fedha, na bomba laini la kupitishia nyaya za umeme linaunganisha kifurushi na kifua. Suti ya wanaanga wa Marekani ya kutembea nje ya kituo cha anga ina uzito wa takriban kilo 127 hapa duniani. Hii ya kwetu lazima iwe nyepesi kiasi cha mtoto kuibeba kutwa nzima na kuisahau. Wakati wa kukibandika kifurushi, mtoto anaambiwa kila kitu ni nini: hii ni oksijeni, haya ni maji yanayopita katika vijibomba karibu na ngozi ili kuupoza mwili, hapa pana betri, hapa redio. Mwalimu akimuuliza, atakuwa na la kusema.

Mwisho ni bendera ya Kenya begani, iliyodariziwa kwa mkono, na bendera hiyo haikuwekwa pale kwa kubahatisha. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo taifa lilikuwa likisherehekea uhuru wake. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ya Shirika la Anga za Juu la Kenya iliruka kutoka California. Mtoto wa Kitale anayevaa suti hii anavaa habari za kwao.

Kwa walimu nina ombi: siku ya taaluma ikifika, msitunuku mng'aro wa nguo ya dukani. Mwambieni mtoto achuchumae, ainue mikono, aeleze kwa nini suti ni nyeupe na mikunjo ya kiwiko ni ya nini. Na kwa wazazi: msiichukue kazi hii mkaifanya usiku mtoto akiwa amelala. Mpelekeni kwa fundi akapimwe, akafumue uzi, akapake gundi, akasubiri karatasi ikauke. Mlipeni fundi haki yake bila kumpunja, kwa maana katoni na chupa zilikuwa bure, lakini mikono iliyozigeuza kuwa suti ya anga haikuwa bure.