Nyembe Tatu

Fundi alichomoa plagi ukutani akaiweka mezani, kando ya kikombe chake cha chai, mahali ambapo macho yake yangeiona muda wote. Kisha akakaa juu ya gogo akaitazama mashine. Hakuigusa. Chai ilipoa, naye bado anatazama.

Karakana yake ipo Mhezi, wilaya ya Same, kwenye milima ya Upare wa Kusini. Kuta ni za mabanzi, paa ni bati, na sakafu ya udongo imezikwa chini ya unga wa mbao wa miaka mingi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani. Nilifika kuagiza meza ndogo ya kusomea. Nikakuta mashine imegoma, nikabaki hadi saa kumi.

Mashine yenyewe haikutoka kiwandani. Ni fremu ya vyuma vya pembe iliyochomelewa mjini, juu yake bamba nene la chuma, chini yake mota, mkanda na shafti. Kwenye shafti ndipo inapokaa bledi, yaani msumeno wa duara wenye meno ya kabaidi. Kushoto kwa bledi kuna kitu ambacho vijana wa pale wanakiita toroli: ubao mpana unaoteleza kwa beringi juu ya bomba mbili za chuma. Unachotaka kukikata unakilaza juu ya toroli, unakiegemeza kwenye kiegemeo, kisha unasukuma toroli lote lipite kando ya bledi. Ubao hautelezi juu ya meza. Meza ndiyo inayokwenda nao. Misumeno ya namna hiyo imebeba jina la Wilhelm Altendorf, Mjerumani aliyeanzisha kampuni yake Berlin mwaka 1906. Fundi wa Mhezi hajawahi kuigusa hata moja. Aliona picha kwenye simu ya mteja, akaomba aioneshwe tena, akaenda kuunda ya kwake.

Ugonjwa ulikuwa na dalili tatu. Fremu za milango ya kabati, zikiunganishwa, zinaacha upenyo kwenye kona. Mbao zikichanwa zinatoka na alama nyeusi za kuungua upande mmoja. Na mashine ilikuwa imeanza kuguna. Kijana wake alishatoa hukumu.

"Fundi, bledi imekwisha. Nipe hela nishuke Same na gari la leo."

"Gari hata kesho lipo, mwanangu. Kwanza tuanzie chini."

Kauli hiyo haikunishangaza, maana nilikuwa milimani kwa Wapare. Huku mashamba mengi yamenyweshwa kwa ndiva, mabwawa madogo yanayojaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili mifereji iyagawe. Maji yasipofika shambani, mwenye akili hasimami shambani akilaumu migomba. Anapanda na mfereji hatua kwa hatua hadi kwenye chanzo, akitafuta pale yalipopotelea. Fundi alikuwa anapanda na mfereji wake.

Akaanza na miguu ya mashine. Pima maji ya kawaida anayo, lakini kwa kazi hii alitoa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akautikisa hadi mapovu yote yakatoka. Ncha moja akamshikisha kijana kwenye kona ya meza, nyingine akaishika mwenyewe kwenye kona ya pili. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia. Kona mbili zilikuwa sawa. Ya tatu ilikuwa imezama kiasi cha unene wa sarafu: mvua zilikuwa zimelainisha udongo chini ya mguu huo. Akaunyanyua kwa mtaimbo, akasukuma kipande cha bati chini yake, akapima tena kona zote nne, hata zile zilizokwisha kuwa sawa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mguu mmoja ukihama, yote minne imehama.

Akaingia kwenye mkanda. Aliubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukabonyea kiasi cha unene wa kidole, akaridhika. Akauzungusha kwa mkono, taratibu, sikio likiwa karibu na beringi. Nilisikia kimya tu. Yeye alisikia kitu, maana alirudisha, akazungusha tena, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. "Beringi nzima," alisema. "Mguno hautoki hapa."

Ndipo akaifikia bledi, ile iliyohukumiwa tangu mwanzo. Alichukua kipande cha mbao chenye msumari uliochomoza, akakibana juu ya toroli hadi ncha ya msumari ikaligusa jino moja. Jino hilo akaliwekea alama ya chaki. Akaizungusha bledi kwa kidole. Upande mmoja meno yaliukwaruza msumari. Upande wa pili palikuwa na nafasi. Bledi ilikuwa inayumba. Kijana akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Fundi hakusema kitu. Alifungua nati, ambayo kwenye shafti ile hufunguliwa kwa kuzungushwa upande usiotarajiwa, ili bledi isiifungue yenyewe ikiwa kazini. Akaitoa bledi, akailaza kwenye gunia. Nyuma yake kuna flenji, kisahani cha chuma ambacho bledi inakiegemea. Akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukakwama. Palikuwa na tone la utomvu lililokauka likashikamana na unga wa mbao, dogo kuliko punje ya mtama. Alilowesha mswaki wa zamani kwa mafuta ya taa, akasugua flenji, akasugua bledi jino kwa jino, akavifuta vyote kwa kitambaa kikavu. Akarudisha, akafunga, akazungusha. Msumari ukakwaruza kila jino kwa sauti moja, kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Punje ile, ikiwa karibu na kitovu, ilikuwa imeinamisha bledi kidogo sana. Lakini kadiri unavyokwenda mbali na kitovu ndivyo mwinamo unavyokua, na meno yapo ukingoni. Laiti kijana angeshuka Same, bledi mpya ingekalia punje ileile na kuyumba vilevile.

Sasa zikaja nyembe. Wembe wa kunyolea, ule wa makali mawili, una unene wa takriban milimita 0.1. Fundi anazo pakiti mbili kwenye kopo la maziwa, makali yote yamefishwa kwa jiwe. Hizo ndizo vipimo vyake. Aliliweka jino la chaki mbele, msumari ukaligusa. Kisha akaizungusha bledi jino lilelile likaenda nyuma, akasukuma toroli hadi msumari ukalifikia huko. Kutumia jino moja mbele na nyuma ndiyo siri: hata kama meno mengine yana kasoro zake, unalinganisha kitu na kitu hichohicho. Huko nyuma msumari ulilibana jino. Maana yake toroli lilikuwa linakwenda likiikaribia bledi, na meno ya nyuma yalikuwa yanaukata ubao kwa mara ya pili. Huo ndio uliokuwa mguno.

Alilegeza bolti za bomba, akagonga kwa nyundo ya mbao. Pigo moja, kipimo. Pigo moja, kipimo. Alipomaliza, wembe mmoja ulipita kati ya msumari na jino la nyuma, na wa pili haukupita. Nilidhani angetafuta usawa kamili. Hakutaka. Toroli linatakiwa liikimbie bledi kidogo tu, ubao ukishakatwa mbele upumue nyuma. Fensi ya upande wa kulia, inayoongoza mbao wakati wa kuchana, nayo aliifungulia nyuma kwa wembe mmoja. Hapo akawa ameimaliza habari ya kuungua.

Nyuma ya bledi hukaa kisu kisichokata, bamba la chuma linaloingia kwenye njia iliyokwisha chanwa. Lazima kiwe chembamba kuliko njia ya meno na kinene kuliko mwili wa bledi. Zamani, alisema, mbao za milimani zilikuwa za mkulo, nao ukichanwa ulitulia. Leo kinachokuja karakanani ni mgrivea na saipresi za mashambani. Mgrivea una hasira ndani: ukiupasua, pande mbili hutaka kurudiana na kuibana bledi, na ubao ukibanwa hurushwa kwa anayesukuma. Kisu kile huzizuia zisirudiane. Alikisogeza hadi nafasi kati yake na meno ikawa kama milimita tano, akakikaza. Fundi ana vidole vyote kumi. Katika kazi hii hicho ni cheti.

Ikabaki kona. Kiegemeo cha toroli kinatakiwa kisimame mraba na bledi. Skwea ilikuwepo ukutani, lakini hakuichukua. Skwea, alisema, inaonesha kosa likiwa limeshakuwa kubwa. Akarudisha plagi, akachukua plaiwudi ya mraba yenye upande wa milimita 500 na kidogo. Akakata ukingo wa kwanza. Akaigeuza, ukingo uliokatwa ukaegemea kiegemeo, akakata wa pili. Akageuza, wa tatu. Akageuza, wa nne. Akageuza tena, na mara ya tano akakata ufito mwembamba kutoka ukingo ule wa kwanza. Ufito ukaanguka. Kabla ya kuuokota alizima mashine, akasubiri bledi isimame, akachomoa plagi, akairudisha kando ya kikombe.

Kila mgeuko unabeba kosa la uliotangulia na kuongeza lake, hivyo ufito wa tano unaonesha kosa likiwa limezidishwa mara nne. Aliandika herufi A kwenye ncha moja na B kwenye ya pili, akapima kwa venia ya chuma iliyofifia namba. A, milimita 24.0. B, milimita 22.8. Tofauti 1.2. Gawa kwa nne: 0.3.

Nikaona kwa nini plaiwudi ilikuwa ya 500. Kutoka pini ambayo kiegemeo huzungukia hadi bolti ya kurekebishia ni milimita 500 pia. Kosa kwenye ubao ni lilelile linalotakiwa kuondolewa kwenye bolti, bila hesabu nyingine. Miaka iliyopita, alipotoboa tundu la bolti ile, alikuwa ameshaifikiria asubuhi kama hii. Alitoa nyembe tatu, akazipanga pamoja, akazishika kitambo akitazama ncha A na B ili ajue upande wa kusogeza. Akalegeza bolti, akaziweka kati ya kiegemeo na kizuizi chake, akakaza.

Plaiwudi ikakatwa upya, mikato mitano. A, 23.1. B, 23.0.

"Sasa ni sawa kabisa," kijana akasema.

"Si sawa kabisa. Ni sawa ya kutosha kabati."

Kijana akakata vipande vinne vya fremu, akaviunganisha bila gundi, akainua kona kuelekea dirishani. Mwanga haukupita. Akaigeuza kona ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, bila kuambiwa. Hakuizungumzia tena safari ya Same.

Juu ya dirisha kuna waya uliovutwa kati ya misumari miwili, na kwenye waya zinaning'inia fito kama samaki waliokaushwa. Kila moja ina tarehe na namba kwa penseli: 0.8, 0.4, 0.3, 0.2. Fundi akautoboa ufito wa siku ile, akanyoa penseli kwa patasi. Namba zile zilikuwa zinapungua mwaka hata mwaka, nami nilidhani siku hiyo angejipa sifuri, nani angemuuliza? Akaandika tarehe. Akaandika 0.1. Akautundika mwisho wa waya, akanywa chai yake iliyopoa, kisha akaniuliza meza yangu naitaka ya upana gani.