Bunduki Iliyotoa Jina

Bibi yangu wa Igalula hajawahi kushika bunduki, lakini anazijua. Usiku mlio ukisikika kutoka porini, ananyamaza kidogo, kisha anasema: hilo ni gobore, tena limeshindiliwa baruti nyingi. Au anasema: hapana, hilo si gobore. Haulizi namba wala jina la kiwanda. Anasikiliza tu.

Nilimkumbuka nilipokuwa nikisoma maandishi ya wakusanyaji wa bastola za kijeshi zenye kiwambo cha sauti. Inayosakwa sana ni Welrod, iliyobuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya watu wa SOE, kikosi cha kazi za siri. Kiwambo chake hakifungwi mbele ya mtutu; kimejengwa pamoja nao. Magazini ndiyo mpini, na ukiichomoa unabaki na kitu kinachofanana na kipande cha bomba. Haikupigwa jina la aliyeitengeneza, ili ikikamatwa isimtaje. Kwa hiyo mkusanyaji huitambua kwa namba, kwa vialama vidogo visivyomwambia kitu asiyejua, na kwa umbo la kila sehemu.

Huu ni usomaji makini, na ninauheshimu. Sisi wanafunzi wa fasihi tunafanya kazi hiyo hiyo juu ya miswada ya zamani. Lakini kuna swali ambalo usomaji huo hauligusi: aliyekuwa upande wa pili wa mtutu aliijuaje silaha hii? Kiwambo kiliwekwa ili asijue, na jirani yake naye asijue. Mwishowe anayebaki na uwezo wa kuieleza bastola ni yule anayeimiliki.

Hapo ndipo tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi inapopata maana mpya. Huyu ndiye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tawasifu hiyo, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, ni kati ya za mwanzo kabisa katika Kiswahili. Tumezoea kuisoma kama hazina ya lugha na ya historia ya misafara. Mimi naisoma pia kama kitabu chenye kiwambo.

Sauti yake ni tulivu mno. Tulikwenda, tukapigana, tukashinda, tukapata pembe. Pembe zinapimwa kwa frasila, madeni yanakumbukwa, watawala wanatajwa kwa majina. Watu wa kawaida waliokufa kwa risasi zake hawapewi nafasi ya kusema. Msomaji anapita vitani kama anayepitia daftari la duka.

Isipokuwa mahali pamoja. Tippu Tip mwenyewe anaeleza kwamba jina hilo alipewa na watu wa nchi alikopigana, kwa sababu ya mlio wa bunduki zake: tip, tip. Wengine wamedai lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, jina tunalomwita hadi leo lilitungwa na waliolengwa. Wao hawakuziona nembo za magobore yale. Waliyatambua kwa masikio, na utambuzi wao ukamganda mwenye silaha maisha yake yote.

Nakubali kwamba ushahidi huu tunaupata kwa kinywa cha mpigaji, tena anausimulia kwa majivuno. Ni wa mkono wa pili, na umepita kwa mtu mwenye maslahi. Hata hivyo umepita. Katika njia ya misafara kelele ilikuwa sehemu ya kazi ya bunduki: misafara ilipokaribia Unyanyembe ilipiga risasi hewani kutangaza kuwasili. Silaha iliyotaka kusikika haikuweza kuchagua nani aisikie na atasema nini baadaye.

Gobore la fundi wa kijijini nalo halina jina la kiwanda wala namba. Mbele ya sheria ni silaha isiyojulikana, na mbele ya mkusanyaji wa bastola adimu ni chuma tu. Welrod haina jina kwa sababu wakubwa walificha. Gobore halina kwa sababu hakuna mkubwa aliyejali. Ya kwanza inaandikiwa kurasa nyingi, la pili halipati hata mstari.

Sisemi wakusanyaji waache kazi yao. Nasema maelezo ya silaha yanayoishia kwenye mtutu na namba hayajakamilika, hata yawe sahihi kiasi gani. Nikirudi Igalula nitakaa na bibi nje, na safari hii nitachukua daftari. Nataka kuandika anavyoutofautisha mlio mmoja na mwingine, na alijifunza lini, na kwa nini ilimlazimu kujifunza.