"Kwa Wote" au "ya Wote"? Uhakiki wa Istilahi za Leseni za Mawasiliano Vijijini

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, ambayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, kazi ya mfasiri imebadilika uzito. Zamani mfasiri wa kanuni za Serikali alikuwa msaidizi tu. Maneno yake yalipopingana na ya Kiingereza, ya Kiingereza ndiyo yaliyoshika. Sasa neno analoliandika huenda ndilo litakalosomwa mbele ya hakimu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuyapime maneno ya uwanja mmoja ambao watu wa istilahi wameupita haraka haraka, nao ni uwanja wa leseni za simu na intaneti, hasa pale ambapo mwombaji si kampuni kubwa bali ni wanavijiji wanaotaka kumiliki chombo chao wenyewe. Mifano yetu tumeichota zaidi katika Mkoa wa Tanga, kutoka Mkinga hadi Pangani na kupanda mpaka Lushoto, kwa kuwa huko ndiko tulikoyasikia maneno haya yakitumika na yakipotea njia.

Tuanze na neno dogo kabisa. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Jina hili limekaa vizuri, wala hatudai libadilishwe. Neno "kwa" hapa lina kazi yake: huduma yatoka kwa mwenye nayo ikamfikie asiye nayo. Na ndivyo Mfuko unavyofanya kazi. Hutoa ruzuku kwa makampuni ya simu ili yajenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingeyafikisha. Mwezi wa Mei 2023 ilitiwa saini mjini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mtu aliyewahi kupanda kilima cha Usambara huku ameinua simu juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani ajua thamani ya mnara. Lakini mnara ule ni wa kampuni, na mwanakijiji ni mteja wake. Mara tunapozungumza juu ya chombo ambacho mwanakijiji ndiye mwenyewe, hatuna budi kubadilisha kihusishi: si mawasiliano kwa wote, bali mawasiliano ya wote. Tumesoma rasimu za tafsiri ambamo "mtandao kwa jamii" umeandikwa ilhali matini ya asili yasema mtandao unaomilikiwa na jamii. Kosa hilo ni la herufi tatu tu, nalo humhamisha mtu kutoka upande wa mwenye mali hadi upande wa mpokeaji wa hisani.

Na hiyo "jamii" yenyewe ni nani? Hapa ndipo penye shida kubwa zaidi. Katika mfumo wa leseni ulioanza kutumika nchini mwaka 2005, leseni ziligawanywa katika aina nne: ya miundombinu, ya huduma za mtandao, ya huduma za matumizi, na ya maudhui. Kisha zikagawanywa tena kwa ukubwa wa soko: kimataifa, taifa, mkoa, wilaya. Kwa upande wa maudhui, yaani redio na televisheni, ikaongezwa ngazi ya jamii. Msomaji ataona kwamba "jamii" imepangwa safu moja na mkoa na wilaya, kana kwamba ni kipimo cha ardhi. Lakini tunaposema redio ya jamii, kama ile ya Pangani FM iliyoanzishwa na shirika la UZIKWASA, hatusemi tu kwamba inasikika katika eneo dogo. Twasema kwamba imewekwa kwa ajili ya watu wa mahali, na kwamba watu hao wana sauti katika mambo yake. Hivyo neno moja labeba dhana tatu: eneo, lengo na umiliki. Katika mazungumzo ya barazani jambo hili halidhuru. Katika sheria ladhuru, kwa sababu tajiri mmoja mwenye redio isikikayo katika tarafa moja aweza kujiita wa jamii kwa eneo, na wanavijiji wenye chombo kinachofika hadi wilaya ya pili wakaambiwa si wa jamii.

Jirani zetu wa Kenya walilikabili jambo hili mwaka 2021, pale Mamlaka yao ya Mawasiliano ilipoweka utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kwao jina la leseni lamtaja mwenye mtandao. Huo ni mwanzo mwema, ingawa Kiswahili cha mambo hayo bado chazungumzwa zaidi kuliko kinavyoandikwa.

Wako wafasiri waliojaribu kukimbia ugumu wa "jamii" kwa kushika neno jingine, na kwa bahati mbaya wameangukia "kabila". Chanzo chake ni habari za Marekani. Wasioux wa Cheyenne River, katika jimbo la South Dakota, wameendesha shirika lao la simu tangu mwaka 1958. Katika miaka ya 1990 walitaka kununua vituo vya simu vya kampuni ya US West vilivyokuwa katika eneo lao. Tume ya huduma za umma ya jimbo ikakataa kuidhinisha mauzo hayo, na shauri likafika mpaka mahakama ya juu ya jimbo. Mwaka 2020 nayo Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliyapa makabila ya vijijini nafasi ya kuomba masafa ya gigahezi 2.5 kabla hayajapigwa mnada. Habari hizi zafaa sana kujulikana kwetu. Lakini mfasiri akiandika "simu inayomilikiwa na kabila" bila kuongeza lolote, msomaji wa Tanga atauliza, tena kwa haki: je, Wasambaa wapewe masafa yao, Wabondei yao, Wadigo na Wazigua yao, na sisi tuliooleana tuombe kwa nani?

Tofauti haiko katika neno bali katika kitu chenyewe. Kabila la Marekani ni serikali: lina baraza, lina mahakama, lina ardhi inayotambuliwa kwa mikataba na sheria. Kwetu utawala wa machifu uliondolewa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilichobaki katika neno "kabila" ni lugha, mila na utani. Kabila la kwetu halina mhuri, haliwezi kushtaki wala kushtakiwa. Mwenye mhuri ni kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 iliifanya halmashauri ya kijiji kuwa chombo chenye nafsi kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali na kufanya mikataba. Pamoja na kijiji kuna chama cha ushirika, kinachosimama juu ya sheria yake ya mwaka 2013. Basi twapendekeza kwamba habari za Marekani zifasiriwe "serikali ya kabila", ili msomaji aone mara moja kwamba ni mamlaka inayozungumzwa wala si ukoo. Na katika sheria zetu liachwe neno "jamii" pale palipo na jina la kweli la mwenye mali, iandikwe "mtandao wa kijiji" au "mtandao wa ushirika". Anayesaini apaswa kujua anasaini kwa niaba ya nani.

Sasa tuje kwenye tendo la kuruhusu. Kiswahili kimejaliwa maneno mengi hapa, na wingi huo umetumiwa ovyo. Katika kurasa mbili za rasimu moja tuliyopewa tuisome, kitu kilekile kiliitwa leseni, kibali, idhini na ruhusa, kana kwamba mwandishi aliogopa kumchosha msomaji kwa kurudia neno. Uzuri huo wa insha za shuleni ni sumu katika kanuni. Mwenye kujenga mnara huhitaji mambo mengi kwa pamoja: wanakijiji wakubali kuitoa ardhi katika mkutano wao mkuu, watu wa mazingira waridhike, watu wa usafiri wa anga wajue urefu wa mnara, vifaa vikaguliwe kabla ya kutumiwa, na mwisho Mamlaka ya Mawasiliano impe haki ya kuendesha huduma. Akiambiwa katika kila hatua kwamba anahitaji "kibali", atapata cha kwanza na kudhani amemaliza. Kwa maoni yetu "leseni" iwekwe kwa haki ya kuendesha huduma kwa muda na kwa masharti. "Kibali" kiwe cha tendo moja, kama kuingiza mtambo au kusimamisha mlingoti. "Idhini" iwe ni kitendo cha mamlaka kukubali. Na "ridhaa" ibaki kwa wenye ardhi. Kuhusu ukaguzi wa vifaa, tumeona mahali pamoja "kibali cha aina". Aina ya nini? Isemwe "ithibati ya kifaa", na mambo yaishe.

Neno "mtandao" nalo lataka kuangaliwa. Katika leseni, huduma za mtandao ni kazi ya kupitisha mawasiliano katika mitambo. Kuwauzia watu intaneti ni jambo la leseni nyingine, ile ya huduma za matumizi. Lakini mitaani mtandao ndio intaneti, na mtu akikosa bando husema hana mtandao. Mwombaji akiona "leseni ya huduma za mtandao" ataichukua akiamini amepata ruhusa ya kuuza intaneti, na siku ya ukaguzi ataonekana mvunja sheria. Hapa wa kulaumiwa si yeye.

Kuhusu "udhibiti" hatutakaa sana. Mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 yaitwa kwa Kiswahili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na neno lenyewe la kudhibiti limeachwa nje ya jina, ilhali wenzao wa nishati na maji wamelibeba. Twadhani walioliacha walikuwa na sikio zuri. Kudhibiti ni kukamata kitu kisiponyoke. Kusimamia ni kukaa na jambo hadi liende sawa. Anayeomba leseni kwa mara ya kwanza hutamani kukutana na msimamizi.

"Masafa" ndilo neno lililotupa somo kubwa kuliko yote. Tulikuwa katika kijiji kimoja cha pwani ya Pangani, tukiwasomea wajumbe wa halmashauri fomu ya maombi iliyotafsiriwa. Tulipofika kwenye "ada ya masafa", mzee mmoja akatuuliza: "Sasa wanangu, hayo masafa yanapimwa kutoka mnarani mpaka wapi?" Wenzake wakaanza kukadiria umbali hadi kijiji cha pili, na mmoja akashauri mlingoti uwekwe katikati ili ada ipungue. Walikuwa na haki. Masafa ni umbali, na baharini neno hilo halina maana nyingine. Redio ndiyo iliyolichukua kwa njia ya masafa mafupi na masafa marefu, na hata hapo msikilizaji alifikiri juu ya umbali ambao sauti imetoka. Kulitoa sasa haiwezekani, kwa kuwa limekwisha kuenea. Lakini twaomba kila fomu iwe na sentensi moja ya kueleza kwamba masafa ni njia ya mawimbi hewani, kwamba njia hizo zina idadi, na kwamba ada hulipwa kwa kutumia njia. Jambo hili lilihitajika hata Kondoa, mkoani Dodoma, ambako mtandao wa jamii ulijaribu kutumia njia za televisheni zisizokuwa na mtu. Mfasiri wa neno kwa neno atapata hapo "nafasi nyeupe", na mwanakijiji atabaki akitafuta weupe. "Masafa matupu" yatosha.

Si kwamba watu wa pwani hawapokei maneno mapya. Mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa Tanga mwezi wa Januari 2013, neno "king'amuzi" liliingia kila nyumba katika muda wa wiki chache, kwa sababu kila mtu ajua kung'amua ni nini. Na "simu" yenyewe ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, nalo limevuka likatufikisha mpaka kwenye simu zisizo na waya bila mtu kulalamika.

Kwa intaneti ya uwezo mkubwa, maneno mawili yanashindana: "intaneti ya kasi" na "mkondo mpana". La kwanza lafaa kwa matangazo. Kwa sheria sisi twachagua la pili. Kasi ya leo ni uzito wa kesho, na kijiji kilichoahidiwa kasi hakitakuwa na kipimo cha kudai nacho. Upana wa mkondo wapimika, na mvuvi wa Moa au Kigombe hahitaji mwalimu wa kumwambia mkondo ni nini.

Kisha kuna "mkongo". Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na jina limeshika. Hata hivyo mkongo ni mti, ule ambao watu wa pwani huuita mbambakofi. Mkongo ni mtu wa Kongo. Na katika mkoa uliolimwa mkonge kwa zaidi ya miaka mia moja, masikio husikia mkonge. Tumemsikia mtu wa Korogwe akisimulia kwa furaha kwamba Serikali inafufua mashamba. Jina la mradi na libaki. Lakini uzi wenyewe wa kioo upitishao mwanga bado hauna jina linalokubaliwa, na hapo Tanga inalo la kutoa: wafanyakazi wa mashine za korona wameziita nyuzi za mkonge "singa" miaka yote. Twaleta "singa ya kioo" mbele ya kamati ya istilahi, na tungependa kusikia wasemavyo wasomaji wa Lindi na Kigoma.