Jumba na Moyo: Uhakiki wa Filamu ya Prem Sanyas

Prem Sanyas, ijulikanayo pia kama The Light of Asia, ni filamu bubu iliyotengenezwa India mwaka 1925 kwa ushirikiano wa kampuni ya Emelka ya Munich na wasanii wa Kihindi. Iliongozwa na Franz Osten pamoja na Himansu Rai, aliyeigiza pia nafasi ya Gautama. Mswada wa Niranjan Pal ulitegemea utenzi wa Edwin Arnold wa mwaka 1879. Maudhui yake ni chimbuko la dini ya Buddha: mwanamfalme aliyelelewa katika anasa anakutana na uzee, maradhi na mauti, kisha anauacha ufalme na mkewe ili autafute ukweli.

Makutano hayo ndiyo kilele cha fani ya filamu hii. Uzee na mauti havihitaji sauti. Uso wa mwanamfalme unatosha. Kasoro iko kwingine. Kwa msaada wa Maharaja wa Jaipur, watengenezaji walipata majumba halisi, tembo na umati wa watu. Kamera inayatazama mapambo hayo kwa shauku ile ile ambayo Gautama anatakiwa kuishinda. Mtazamaji anahubiriwa kuukana ulimwengu huku akitongozwa nao.

Hapa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatoa kipimo kizuri. Mshairi naye anasawiri majumba ya fahari, lakini ya Pate iliyokwisha kuanguka. Taa, vyombo na wenyeji wake vinatajwa vikiwa vimekwisha kutoweka, hata kila pambo likawa hoja dhidi ya pambo. Tena mshairi anausuta moyo wake mwenyewe, ilhali filamu inaanza na watalii wa Kizungu wanaosimuliwa kisa hicho na mzee. Kwa watalii, mauti ni habari ya ugenini. Kwa mshairi, ni deni lake.

Tofauti za imani zisifichwe: Gautama anatafuta ukombozi kutokana na mateso, Sayyid Abdalla anahofia hesabu ya Akhera. Lakini swali la sanaa ni moja. Mwanafunzi wa Mtopanga avukaye hori ya Mtwapa na kusimama katika magofu ya Jumba la Mtwana, mji ulioachwa katika karne ya 15, atalielewa bila ya mfasiri: ukuta uliobomoka hufundisha kuliko jumba lililokodiwa.