Mikimbio Isiyo na Mwenyewe

Mpira unampita mpigaji, unamponyoka mlinda wiketi na kubingirika hadi mpakani. Gongo halikuugusa. Mashabiki wanashangilia, na hapo huanza kazi ya mwamuzi ninayoipenda kuliko zote. Anasubiri mpira ufe, yaani usiwe tena mchezoni. Anawageukia waandishi wa alama walioketi pembeni, anainua mkono mmoja juu ya kichwa, kiganja wazi: bai. Waandishi wanainua mkono kuitikia. Ndipo anapunga mkono huku na huku: nne. Wanaitikia tena. Sheria za kriketi zinamtaka mwamuzi azuie mchezo mpaka kila ishara iitikiwe peke yake, na mwamuzi mahiri hana haraka hata kama mrushaji keshafika anapoanzia mbio zake.

Wapo wanaoiona mikimbio ya ziada kama hii kuwa makapi ya mchezo. Mimi naiona kuwa ndiyo inayoonyesha uadilifu wa kriketi. Timu imeongezewa mikimbio minne, lakini mpigaji hapati hata mmoja, kwa kuwa hakuufanyia kazi. Wala mrushaji hadaiwi, maana mpira wake ulikuwa halali. Aliyeukosa ni mlinda wiketi. Waidi, mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji, na noboli, mpira usio halali kama ule wa mrushaji aliyevuka mstari, kinyume chake, huandikwa kwenye hesabu ya mrushaji, kwa sababu kosa ni lake. Daftari lenyewe lina alama zake: msalaba kwa waidi, duara kwa noboli, pembetatu iliyosimama kwa bai, pembetatu iliyopinduliwa kwa legibai. Anayezijua alama hizo huisoma ova, yaani mfululizo wa mipira sita, iliyochezwa miaka mingi iliyopita akajua nani alikosea na wapi.

Tangu mwaka 2017 haki hiyo imenolewa zaidi. Zamani noboli iliyompita kila mtu hadi mpakani ilihesabiwa yote kuwa noboli, mikimbio mitano shingoni mwa mrushaji. Sasa anadaiwa mmoja tu wa kosa lake, na ile minne huandikwa bai. Mwamuzi hutoa ishara tatu mfululizo, na waandishi huitikia mara tatu.

Waidi na noboli hutangazwa papo hapo, mpira ukiwa bado hai. Kwa waidi mwamuzi hunyoosha mikono yote miwili usawa wa mabega. Kwa noboli, mmoja. Sauti yake humwahi mpigaji, ajue kwamba mpira huo hauwezi kumtoa kwa kuangusha wiketi moja kwa moja kutoka kwa mrushaji wala kwa kudakwa. Mpira ukishakufa, hurudia ishara ileile kwa waandishi. Legibai husubiri, na kwangu mimi hiyo ndiyo ngumu na nzuri kuliko zote. Mpira umegonga mwili wa mpigaji, ukaenda, naye amekimbia. Mkimbio huo haukubaliki mpaka mwamuzi aridhike kwamba mpigaji alijaribu kuupiga mpira kwa gongo, au alijaribu kuukwepa. Kama alitoa mguu tu uugonge, mwamuzi huutangaza mpira kuwa umekufa, huwarudisha wapigaji walikotoka, na hakuna mkimbio unaoandikwa. Akiridhika, hugusa goti lililoinuliwa. Ndani ya mguso huo kuna hukumu nzima juu ya nia ya mtu, iliyopitishwa bila kumhoji.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuiheshimu mikimbio hii. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipambana na West Indies katika Kombe la Dunia, ikatolewa yote kwa mikimbio 166. Kati ya wapigaji wote aliyetia fora ni Steve Tikolo, aliyepata 29. Ziada zilikuwa 37. West Indies, timu ya akina Curtly Ambrose na Courtney Walsh, ikaanguka kwa 93. Husimuliwa sana, na ni haki yao, Maurice Odumbe na Rajab Ali waliochukua wiketi tatu kila mmoja, na jinsi Tariq Iqbal alivyomdaka Brian Lara akiwa na 8 tu. Nami husimulia hiyo 37. Warushaji wakali walipopotoka, mwamuzi alinyoosha mkono, mwandishi akainama juu ya daftari, na Kenya ikapewa chake. Timu changa haikuhurumiwa wala kupunjwa.

Ishara hizo zimewahi kubeba hata uongo wa wengine bila zenyewe kudanganya. Agosti 2010, uwanjani Lord's, London, warushaji wa Pakistan, Mohammad Amir na Mohammad Asif, walivuka mstari makusudi kwa mipira iliyopangwa kabla, kwa ajili ya fedha. Mwaka uliofuata walifungwa jela nchini Uingereza. Noboli zao zilitangazwa kama noboli nyingine yoyote. Mwamuzi aliuona mguu, akasema alichokiona.

Siku hizi katika mechi kubwa mguu huo hutazamwa na mwamuzi wa tatu kwenye runinga. Utaratibu huo ulitumika katika Kombe la Dunia la wanawake la T20 nchini Australia mwaka 2020. Ni jambo jema. Lakini kwenye viwanja vya shule na vilabu hakuna kamera. Pale mwamuzi husimama nyuma ya wiketi, macho chini kwenye mstari mpaka mguu wa mbele utue, kisha huyanyanyua aufuate mpira unaokwenda mbele kiasi cha mita 20. Kwa mrushaji wa kasi ya kilomita 140 kwa saa, safari hiyo ni kama nusu sekunde. Katika muda huo anapaswa kuwa ameuona mguu, ameuona mpira, ameliona gongo, na mkono wake tayari uko njiani.