Tawi Kabla ya Mashine

Ukinunua unga wa mwarobaini hapa mtaani kwetu Mtendeni, utauonja tu: mchungu mpaka kooni. Uchungu huo hautoshi kuutambulisha. Mwarobaini una nduguye, Melia azedarach, mti wa kivuli ambao matunda yake ni sumu. Vijani vya mwarobaini hujipanga pande mbili za kikonyo kimoja. Kikonyo cha nduguye hutoa vitawi, na vijani vikajipanga kwenye vitawi hivyo. Mtoto anaweza kuitofautisha miti hiyo miwili akiwa chini yake. Majani yakishatwangwa, tofauti hiyo imebaki kinuni.

Maabara huanza na hadubini, kisha hulowesha unga kwenye alkoholi. Tone la maji yake huwekwa karibu na ukingo wa chini wa kibao kilichopakwa silika, kibao kikasimamishwa ndani ya kiyeyushi kidogo. Kiyeyushi hupanda na kubeba viini, kila kimoja kwa mwendo wake. Chini ya taa ya urujuanimno huonekana madoa yaliyopangika kama ngazi. Lakini pembeni lazima pawe na tone jingine, la mwarobaini uliothibitishwa. Likikosekana hilo, mpimaji anatazama rangi tu.

Mwaka 2015 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alipima kwa DNA virutubisho vya mitishamba vya maduka manne makubwa. Ni asilimia 21 tu ya vipimo vilivyoonyesha mmea ulioandikwa kwenye chupa. Wakosoaji walijibu kwamba dondoo iliyochemshwa na kuchujwa huweza kupoteza DNA, na naona walikuwa na hoja nzito. Tena DNA haiwezi kukuambia kama dawa ya nguvu za kiume imetiwa sildenafil, dawa ya kiwandani, kwa siri. Hiyo hunaswa na mashine inayopima uzito wa molekuli. Madini ya risasi yaliyoingia kwenye dawa nayo yana kipimo chake.

Lakini mmea wa kulinganishia lazima kwanza utambuliwe na mtu; ndiyo maana nathamini kazi ya watafiti walioandika mwaka 2011 kuhusu miti-dawa ya Urumwa, msitu wa hifadhi jirani na mji wetu. Mganga anasema mlundalunda; mtaalamu wa mimea anaandika Cassia abbreviata. Kinachounganisha majina hayo mawili ni tawi lenye majani na maua, lililobanwa kwenye karatasi likakauka, na kikaratasi chake: lilikatwa wapi, siku gani, na nani aliyelitaja jina.